Fundi Erasto na Kilima cha Mikindani

Fundi Erasto aliletwa Mtwara kutoka Njombe kuja kutengeneza greda mbili, kisha arudi kwao. Greda zikapona, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake. Karakana ya barabara ilipoona mikono yake inafufua vyuma, ikamletea matrekta, pampu za maji, na siku moja hata cherehani ya mke wa mkuu. Kila alipoomba uhamisho aliambiwa asubiri mvua ziishe. Mvua zikiisha barabara zinataka greda, na greda zinamtaka Erasto. Masika yakirudi, Rufiji inafunga njia, na hata mwenye ruhusa mfukoni hana pa kupita. Upande wa Mahurunga ndiyo usiseme, huko ng'ambo ya mto wa mpakani ni vita.

Sisi majirani zake wa Rahaleo tulizoea kumwona jioni kasimama mlangoni, anaiangalia barabara ya Lindi kama mtu anayemngoja mdeni wake. Mwanawe Elia alizaliwa hapahapa. Kwa Kimakonde anatukanana na wenzake vizuri kabisa. Kibena, lugha ya kwao Njombe, hajui hata kusalimia. Hilo lilimchoma baba yake kuliko kitu kingine chochote. Alikuwa akisema siku atakayompeleka kwa bibi yake, itabidi atafutwe mkalimani.

Basi mlango ukafunguka, tena kupitia gari la mtu mwingine. Abeid, mwenye duka la vitambaa Mikindani, alikuwa na kigari cha silinda nne alichoachiwa na Mzungu mmoja wa mashamba ya karanga. Ubavuni mwa injini yake kulikuwa na blowa, yaani kisanduku cha chuma chenye mapanga mawili ndani, kinachozungushwa na mkanda wa injini yenyewe. Injini nyingine huvuta hewa zenyewe. Hii ilikuwa inalishwa kwa nguvu, kama mtoto asiyetaka uji.

Wenye magari wa huku walipatana kushindana kupanda kilima cha Mikindani, moja moja, kuanzia kwenye mchanga wa chini mpaka juu. Kati ya wageni alikuwepo mwenye gereji wa Dar es Salaam, shemeji yake Abeid, anayetengeneza magari ya mashindano. Mgeni huyo akatamka mbele ya watu kwamba fundi wa gari litakaloshinda ataondoka naye, kazi ipo na nyumba ipo. Erasto alipoletewa habari hiyo aliacha chai yake ikapoa. Alimwendea mkuu wa karakana, Bwana Mathayo, kumwuliza kama atamwachia. Bwana Mathayo alimjibu, "Tutaangalia," neno ambalo ofisini ni hapana iliyovaa tai.

Kazi ikaanza, na maneno nayo yakaanza. Abeid alikuwa ameagiza kutoka Nairobi kamshafti aliyoambiwa ni ya mashindano, ule mtaimbo wenye nundu unaofungua na kufunga valvu. Ilifika imepakwa grisi nzito. Mama yake, Bi Somoe, akaona kitu cha thamani namna hiyo hakiwezi kuonyeshwa wageni kikiwa kichafu. Akakiosha kwa sabuni, akakisugua kwa makumbi, akakilaza juu ya mkeka barazani. Watu wakaja kukitazama na kukipakata kama mzazi kajifungua. Hewa ya bahari haikuhitaji kualikwa. Wiki haikuisha, nundu zikaota kutu kama ndui.

Erasto alisema hata ingekuwa safi asingeitaka. Kamshafti ile iliacha valvu ya kuingiza hewa na ya kutolea moshi wazi kwa pamoja kwa muda mrefu. Kwa injini inayojivutia hewa yenyewe ikiwa mbioni, ni sawa. Lakini ukiwa na blowa, hewa iliyosukumwa ndani pamoja na petroli yake inapitiliza na kutokea kwenye ekzosi bila kufanya kazi. Tena nguvu yake huja injini ikishakuwa inapiga kelele; kule chini mchangani hakuna kitu, na mchanga ndio wa kwanza kukutana nao.

Wazee wa barazani hawakukubali. Walitaka ile ya mashindano kwa sababu gari hutetemeka hata likiwa limesimama, na gari lisilotetemeka, wakasema, ni la mkunga. Abeid naye alikuwa ameona blowa kubwa kwenye mtambo wa dizeli uliokufa, akataka ifungwe hiyo. Kubwa ni kubwa, alisema. Erasto akamweleza kwamba blowa ile ingezungushwa na injini hiyohiyo ndogo, na nusu ya nguvu ingekwenda kulisha sanduku. Afadhali ibaki ya zamani, ichongewe puli ndogo zaidi, lile gurudumu linalopitiwa na mkanda, ili izunguke kwa kasi. Kamshafti ya zamani nayo ichongwe kidogo, valvu ziinuke zaidi lakini zisikae wazi pamoja. Abeid aliitazama ile kutu, akamtazama mama yake, akasema haya, fundi, fanya unavyojua.

Nyumbani, mkewe Theresia, mwalimu, mtu asiyepoteza chaki, alimsikiliza mumewe akieleza habari za puli mpaka akamaliza.

"Baba Elia, ukishindwa, yule wa Dar hakuchukui," alisema. "Ukishinda, Mathayo anakuona kwa macho yake. Ndiyo atakuachia?"

Erasto alichukua kitambaa, akafuta grisi vidoleni.

"Sasa unalitengeneza ili iweje?"

"Nilitengeneze vibaya?"

"Sijasema hivyo."

"Siwezi, mama Elia. Nimejaribu kuwaza hivyo, mkono unakataa."

Siku ya kilima, magari makubwa yalichimba mchanga mpaka tukadhani yanatafuta maji. Moja lilipanda, likachoka katikati, likarudi kinyumenyume. Kigari cha Abeid kiliwaka kimya, wale wazee wa barazani wakakicheka. Dereva alipoachia klachi, blowa ikalia mluzi, magurudumu yakashika, kikapita mchangani bila kubabaika na kupanda kana kwamba kinavutwa kwa kamba kutoka juu. Hakuna lingine lililokikaribia. Tulimbeba Erasto. Yeye alikuwa anageuza shingo akimtafuta Bwana Mathayo.

Bwana Mathayo alikuwa akipiga makofi kuliko wote. Mgeni wa Dar alipomwomba amwachie fundi, makofi yakakoma.

"Nimwachie huyu? Baada ya haya niliyoyaona?"

"Bwana Mathayo," alisema Erasto, "uliniambia tutaangalia."

"Si nimeangalia?" Kisha akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza tukamwonea huruma. "Erasto, mimi wa Tabora. Nimeomba kuhama mpaka nimeona aibu kuomba. Wameniambia barabara zikikamilika nitakwenda. Bila wewe hazikamiliki. Unataka tuzikwe hapa wote wawili?"

Mgeni wa Dar hakuwa mtu wa kupoteza safari. Akakinunua kile kigari. Meli ilipofunga gati, Erasto ndiye aliyeitwa bandarini kuonyesha mahali pa kupitisha kamba ili blowa isiumie. Alifunga mwenyewe, akakaza mwenyewe, akasimama kukitazama kikipandishwa kwa winchi, magurudumu yakining'inia hewani.

Meli hiyohiyo ilikuwa imeshusha tingatinga jipya la karakana. Bwana Mathayo alikuwa amesimama kando yake kwa wasiwasi, akisema ameambiwa injini yake ni hodari lakini haina subira mchangani. Erasto aliendelea kuangalia meli. Ikang'oa nanga, ikageuza pua. Alisimama, mikono nyuma, mpaka ikapotea machoni.

Kisha akauliza, bila kugeuka, "Hilo limefungwa blowa?"