Hiari ya Chifu

Neno nililojivunia kuliko yote lilikuwa "hiari".

Karo ilinikatizia shule kidato cha pili, nikajifunza Kiswahili peke yangu kwa kamusi isiyo na jalada. Ndivyo nilivyopata kazi ya ukalimani kwa daktari aliyekuja Malaba kutafiti ukimwi miongoni mwa wanawake waliowauzia madereva wa malori chakula. Kila mwanamke alipaswa kuambiwa kwamba anaweza kukataa kutolewa damu. Jambo hilo nililiamini kama sala. Niliirudia sentensi yangu hata nikioga, nikihofia kuteleza: "Damu itatolewa kwa hiari."

Naibu wa chifu ndiye aliyewaita watu, uwanjani kwake. Nikaisema sentensi bila kosa. Wanawake wakacheka.

"Kijana, hii hiari ni ile ya chifu?" aliuliza mama mmoja, jirani yetu, muuza chapati. "Juu ile ya mwaka jana ilikula kuku yangu."

Alisema kweli. Michango ya harambee iliitwa ya hiari, na asiyetoa alifuatwa na askari wa chifu hadi jikoni. Hata siku hiyo askari mmoja alisimama langoni, rungu kwapani.

"Hapana, mama. Hiari maana yake ni hiari."

"Si ndio hiyo!"

Kisha akanisogelea, akashusha sauti. "Mimi sitaki kujua, na sitaki watu wajue. Bwana yangu alikufa vile alikufa. Nikijulikana, nani atakula chapati yangu?"

Nilimwendea daktari nikamweleza kwamba hawajaelewa. Akauliza kama neno lenyewe ni sahihi. Nikasema ni sahihi. "Basi tuendelee," akasema, na mimi, aibu iliyoje, nilifarijika kwamba sikukosea Kiswahili. Niliporudi, mama alikuwa ameshanyoosha mkono.

Majibu yangekuwa siri; hilo pia tuliliahidi. Lakini waliohitaji kupimwa tena walifuatwa na gari letu jeupe, ambalo kila mtoto alilijua, na mchana mmoja likaegeshwa mlangoni pa yule mama wa chapati. Haukupita muda madereva wakawa wananunua chapati ng'ambo ya barabara. Nilipopita alikuwa ameketi mbele ya jiko lisilo na moto, akiniangalia tu. Afadhali angenitukana. Mwishowe alihamia kwa kaka yake, kule Angurai.

Katika baraza lililofuata, huko Amagoro, niliitupa hiari. Nilichukua maneno ya kila siku ambayo nilikuwa nimeyadharau kwa wepesi wake.

"Si lazima," nikasema kwa sauti. "Ukikataa, si kosa."

Mama mmoja mwenye kikapu cha ndizi akainua kidevu kuelekea langoni, aliposimama askari.

"Na huyo umemwambia?"

Akatua kikapu chini, akakunja mkono wa blauzi.