Aliyeondoka Mikono Mitupu

Filamu za makauboi nazipenda tangu shule ya msingi, na sioni haya kusema. Ile ya Jumapili nilikuwa nimeshaiangalia mara nne. Niliiweka makusudi, maana mama alikuwa haongei nami tangu Jumatano, na ukimya wa sebule yetu hapa Kasulu ulikuwa umeshanichosha.

Kosa langu lilikuwa kupata kazi. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa muuguzi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta, kule Kibondo, na kesho yake asubuhi nilitakiwa kuondoka. Mama aliingia nchi hii kutoka Burundi akiwa na miaka sita, ameshikwa mkono na bibi, wakikimbia mauaji. Alikula chakula cha foleni kambini mpaka akawa msichana. Leo ni raia, ana shamba lake la mihogo, na neno kambi hataki kulisikia nyumbani kwake. Mimi nilitaka baraka yake. Hata bila hiyo ningeondoka, lakini ningeondoka vibaya.

Filamu ilikuwa imetafsiriwa, makauboi wanatukanana Kiswahili cha Kariakoo. Mama akakaa pembeni na ungo wake, anachambua maharage, anajifanya haangalii.

"Ng'ombe wote hao na hakuna anayekamua," alisema mwishowe. Nikameza kicheko, nisije nikaharibu.

Mwisho wake ndio niupendao. Mgeni amewafukuza majambazi, amemwokolea mjane shamba lake. Anapanda farasi, mjane amesimama mlangoni, na jamaa anaelekea milimani bila kugeuka nyuma. Kwangu mimi huyo ndiye alikuwa mwanaume.

Mama aliweka ungo chini. "Impamba yake iko wapi?"

Impamba, kwetu, ni chakula anachofungiwa mtu anayesafiri.

"Mama, hii ni filamu tu."

"Amewapigania. Yule mama ana jiko, moshi nimeuona. Anamwachaje aende mikono mitupu?" Akanigeukia. "Siku ile tunakimbia, bibi yako hakuwahi kufunga hata kiazi. Siku tatu nilitafuna mabua ya mtama. Mpaka leo nikiyaona shambani kwa watu, tumbo linaniuma."

Alikuwa hajawahi kuniambia hayo. Niliona aibu. Mara nne nilikuwa nimeitazama filamu ile, na nilichokiona ni kofia na bastola.

Asubuhi nilimkuta mlangoni, ameshika vifurushi viwili vya majani ya mgomba, ndani yake viazi vitamu na karanga, bado vya moto.

"Kazi hiyo bado siipendi, mwana wanje," alisema, yaani mwanangu kwa Kirundi. "Hiki ni chako." Kisha akanipa cha pili, kizito kuliko cha kwanza. "Hiki mpe utakayemkuta huko anapanda gari la kurudi Burundi hana kitu."

Nilipokea kwa mikono miwili, na machozi sikuyaficha.