Mstari wa Mwisho wa Verdie

Verdie Stamey alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni, na Mungu akampa kazi ambako hakuna mtu angemsikia. Tulifanya kazi pamoja kiwanda cha nguo cha Cane Shoals, kusini mwa Marekani, mtambo wangu ukiwa mkabala na wake. Kelele za kile chumba cha kufuma zilikuwa zinaingia mpaka kwenye meno. Ungeweza kupiga mayowe na jirani yako asigeuke.

Kwa hiyo sisi wanawake tuliongea kwa midomo mitupu, bila sauti, tukasomana. Nani kaposwa, nani kafumaniwa, mume wa nani kanywa mshahara wote: yalipita yote mbele ya pua ya msimamizi, naye maskini akidhani tunahamisha ugoro mdomoni. Verdie aliimba hivyo hivyo, na sisi tukamwitikia kimya kimya. Jumamosi ndipo alipoimba kwa sauti, na gitaa lake, kwenye redio ya mjini. Nyimbo za kantri, alizitunga mwenyewe, za wanawake wanaotoka zamu na kukuta bwana kala maharage yote na mkate wa mahindi, kisha anauliza chai iko wapi. Tulicheka mpaka machozi kwa sababu bwana huyo tulikuwa naye nyumbani.

Mumewe alikuwa ameshakwenda zake. Verdie alibaki na mtoto mmoja, Twyla. Twyla alipofikisha miaka kumi na saba alirudi nyumbani siku moja akiruka ruka. Nilikuwepo, nimekaa palepale mezani.

"Mama, nimepata kazi chumba cha kufuma! Jumatatu naanza. Utanifundisha kuongea kwa midomo, eti?"

"Sikufundishi ng'o," Verdie alisema. "Kapange nguo zako. Kesho unapanda basi, unakwenda kwa shangazi yako huko Dayton."

"Ohio? Kwani nimefanya nini? Mbona wewe unafanya kazi hiyohiyo?"

"Mimi punda, nimeshazoea. Wewe hukanyagi pale."

"Yaani unanifukuza?"

"Ndiyo, nakufukuza."

Twyla akaondoka na neno hilo, akakaa nalo miaka. Alipata kazi benki huko, akaja Krismasi moja moja, salamu ya mkono, kisha huyo anaondoka. Nilimwambia Verdie amweleze mtoto. Wapi! Verdie kueleza yaliyo moyoni ni kama kung'olewa jino. Lakini kwetu lisilosemeka mezani hutiwa kwenye wimbo, na wimbo aliutunga. Aliimba beti mbili redioni, za mama na binti na basi. Redio yenyewe haikufika hata kaunti ya pili, sembuse Ohio.

"Na ubeti wa tatu?" tulimuuliza.

"Wa tatu wa Twyla. Atausikia yeye kwanza, uso kwa uso."

Kisha vumbi la pamba likamdai chake. Alianza kukohoa kila Jumatatu akirudi kazini, baadaye kila siku. Daktari wa kampuni akamwambia apunguze sigara, mwanamke ambaye hajawahi kushika sigara maishani mwake! Mpaka leo nikikumbuka natamani kumpiga yule mtu na sufuria. Sauti ilitangulia kwenda, pumzi ikafuata. Mwisho alilala chumbani kwake na mtungi wa hewa, kifuniko cha plastiki kimemziba pua na mdomo.

Twyla akaja. Alinikuta jikoni.

"Anti Nettie, nataka kumuuliza kitu kimoja tu. Alikuwa amenichoka?"

"Nenda kamuulize."

"Atanijibu na nini? Sauti hana."

"Midomo anayo. Mimi nitakusomea."

Tukaingia. Twyla akapiga magoti, akauliza. Verdie akakivuta kile kifuniko mwenyewe, akaanza kuimba ule ubeti wa tatu kwa midomo. Nikasoma kwa sauti, nikimfuata polepole:

"Nilikutoa mlango wa mbele, mwanangu,
nikalia mlango wa nyuma.
Pamba imekula kifua changu..."

Twyla hakuwa na macho yetu ya kufuma, ya kusoma midomo. Alichokiona yeye ni mama yake, midomo imegeuka buluu, inafunguka na kufumba, anatafuta hewa. Akakinyakua kifuniko, akamrudishia, akakikandamiza kwa mikono miwili.

"Pumua, mama! Pumua!"

"Mwache, Twyla! Anaimba!"

Plastiki ilikuwa imeshajaa ukungu. Midomo ilicheza nyuma yake na mimi sikuona kitu. Alimaliza, nilijua, kwa sababu alifumba macho kama alivyofanya redioni akimaliza wimbo. Akafumbua, akamtazama mwanawe, akisubiri jibu.

"Mwisho kasemaje?" Twyla akaniuliza. "Anti, kasemaje?"

"Sikuona, mwanangu."

Tulimwomba arudie. Pumzi ya kurudia hakuwa nayo. Alilala, na jioni ile akatutoka. Iliniuma, na inaniuma bado, kwamba alimnyima mtoto lugha yetu ili asije akafa kifo chetu, na ndiyo hiyo lugha aliyobaki nayo ya kumuaga.

Mazikoni mchungaji alisema maneno mengi ambayo hakuna aliyeyahitaji. Kisha sisi wa kufuma tukasogea kaburini kumwimbia wimbo wake. Nilikuwa nimewafundisha wenzangu ubeti wa tatu. Tuliimba mpaka mstari wa tatu, sauti zikakoma; wa mwisho hakuna aliyeujua. Lakini mazoea hayana dawa, midomo ikaendelea, kila mmoja akimalizia kimya kwa lile ambalo angemwambia binti yake mwenyewe.

Twyla alisimama ng'ambo ya kaburi, akihamisha macho kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, na hakuweza kusoma hata mmoja.