Sauti ya Ndaktari

Sauti iliyonishtua kwanza ilikuwa kicheko changu mwenyewe. Nilikuwa katika duka la kutoa kopi pale Makutano, Meru, nikisubiri sura ya tatu ya tasnifu yangu itoke kwenye mashine, nilipojisikia nikicheka nyuma yangu. Sisemi kicheko kilichofanana na changu. Kilikuwa changu, kile cha ghafla chenye mkoromo mdogo mwishoni, ambacho nimejaribu kukiacha tangu sekondari. Kisha ngoma ikaingia, na sauti ya msichana ikasema, "Nikiwa ndaktari nitanunua ngari, nipeleke ndawa." Nikacheka tena, na tena, kwa kufuata mdundo.

Niligeuka. Wanafunzi wawili wenye sare walikuwa wameinamia simu moja.

"Rudisha hapo kwa ndawa," mmoja alisema.

"Ndaktari, naumwa," mwenzake alijibu akijishika tumbo. "Nipe ndawa ya ndumbo!"

Hakuna mtu wa kwetu Embu asemaye ndumbo. Niliona kosa hilo kabla ya kuona uovu wenyewe, na hadi leo jambo hilo hunitia aibu.

"Hujaskia hiyo?" mama mwenye duka aliniuliza akipanga karatasi zangu. "Iko kwa kila simu. Sijui hata ni kasichana ka wapi."

Mimi nilijua. Alikuwa binti ya dada yangu mkubwa, mwenye miaka kumi na minne. Nilimrekodi mwezi wa Desemba nyumbani kwa mama yetu, karibu na Karurumo, tukiambua maharagwe uani. Utafiti wangu unahusu king'ong'o ambacho watu wa kwetu hukitanguliza mbele ya d, b na g tunapozungumza Kiswahili: dawa ikawa ndawa, gari likawa ngari. Shuleni tulichekwa kwa sababu yake. Nilikuwa nimejipa kazi ya kuthibitisha kwamba si uzembe wa ulimi bali ni kanuni, tena kanuni yenye nidhamu. Dada yangu alitia sahihi fomu ya ridhaa kwa niaba ya mtoto. Fomu hiyo niliiandika mimi, na ilisema kwamba rekodi haitasikika na mtu yeyote isipokuwa mtafiti na msimamizi wake.

Jioni ileile nilikata sekunde tisa na kuzituma katika kundi la mabinamu, ambamo dada yangu hayumo kwa sababu anasema lina kelele. Niliandika: "Sikieni ndaktari wetu." Nilifanya hivyo kwa mapenzi. Wakacheka, na ninaamini kwamba wao pia walicheka kwa mapenzi. Jinsi sauti ilivyotoka kundini hadi kwa wanafunzi wa darasa la binti, nimechora ramani yake mara nyingi. Mishale hubadilika kila ninapoichora upya, lakini yote huanzia kwangu.

Pale Makutano ilinipasa kupiga simu. Badala yake nilirudi chumbani, nikavaa vifaa vya masikio, nikalinganisha faili mbili, yangu na ile inayozungushwa. Katika sekunde ya sita palikuwa na jogoo wa mama yetu, katika zote mbili. Nikasikiliza mara kumi na moja. Niliita kazi hiyo uhakiki. Nilikuwa naogopa tu, na mtu mwenye hofu na kompyuta anaweza kuhakiki jambo lilelile kwa siku nne.

Jumamosi nikaenda Embu. Dada yangu anaishi mtaa wa Dallas, na katika nyumba yake ni mtoto anayeombea chakula.

"Omba tule, mama, wali unapoa," dada alimwambia binti yake.

Binti akainamisha kichwa. Midomo ikacheza, lakini hatukusikia neno.

"Kwa sauti!"

Midomo ikacheza tena.

"Siku hizi anaomba kimoyomoyo kama askofu aliyekabwa na mfupa," dada aliniambia akipakua. "Ni umri. Hata sisi tulikuwa na madharau."

Baada ya chakula tuliosha vyombo uani, mimi na binti. Alizungumza kwa kunong'ona, na ilinichukua muda kutambua kilichonisumbua katika mazungumzo yake. Akimaanisha baba, alisema "mzazi wa kiume." Akimaanisha daftari, alisema "ile ya kuandikia." Alikuwa amezing'oa kutoka kinywani mwake herufi zote tatu za utafiti wangu, isipokuwa zilipofuata m au n. Kila sentensi aliipima kabla ya kuitoa, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na penye d, b au g hakukanyaga.

Akakausha mikono, akanipa simu yake. Ilikuwa imefunguka kwenye kundi la darasa.

"Ndaktari kesho uko zamu?"

"Mwalimu akimwambia asome, wote tukohoe. Mgonjwa asiyekohoa tunamtoa wodi."

Chini yake zilifuata sauti za kukohoa, moja baada ya nyingine, kisha kicheko changu. Chini zaidi mtu alikuwa ameandika: "Hata ukikosa kuja, hakuna mtu atauliza." Watu wengi walikuwa wameweka nyuso za kucheka chini ya maneno hayo. Nilitafuta aliyepinga. Nilipandisha ukurasa hadi mwanzo wake, sikumwona.

"Walikohoa kweli?" nikauliza.

Akaitikia kwa kichwa. "Na mwalimu akacheka kiasi."

"Nani aliitoa sauti hii?"

Swali hilo nililiuliza mimi. Sina maelezo.

"Watoto wa mjomba, nafikiri." Kisha akasema bila hasira yoyote: "Wewe ndio unaanza kucheka, tata. Halafu wao."

Tata ndiyo namna anavyoniita, mimi mama yake mdogo. Nilisubiri aendelee kunishtaki, lakini hakuwa ananishtaki. Alikuwa anaeleza tu mpangilio wa sauti, kama nilivyomfundisha Desemba.

"Usimwambie mama," akasema. "Atakuja shule, wamcheke na yeye."

Nikaahidi. Nilijiambia kwamba naheshimu siri ya mtoto. Hata wakati huo nilifahamu kwamba ahadi ile ilinifaa mimi kuliko yeye, kwa kuwa siri yake na siri yangu zilikuwa zimelala kitanda kimoja.

Jumanne asubuhi dada aliniandikia kwamba binti amebaki nyumbani, kichwa kinamuuma, naye anaelekea kazini. Saa kumi kasorobo jioni nikapata ujumbe kutoka kwa binti mwenyewe: "Tata futa sauti yangu yote hata ya kwa laptop. Sitaki ibaki nikienda."

Nikaandika: "Ukienda wapi?" Ujumbe ukafika. Haukusomwa.

Nitaeleza kwa ukweli nilichofanya baadaye, kwa sababu ndicho kinachonifanya niandike haya. Nilianza kuchanganua kitenzi. Nikienda. Kile -ki- cha katikati kina maana mbili ambazo Kiswahili hakilazimiki kuzitenganisha: iwapo nitakwenda, au wakati nitakapokwenda. Moja ni sharti, nyingine ni ratiba. Nikachukua kalamu. Kwanza, akienda kwa bibi yake Karurumo likizo ikifika. Pili, akienda shule nyingine. Ya tatu sikuiandika. Kalamu ilisimama juu ya karatasi, wino ukatengeneza nukta, nukta ikawa doa, nami nikilitazama. Ndipo nikaitupa kalamu. Mtoto yuko peke yake katika nyumba iliyofungwa, na mimi nimeketi Meru nikifanya zoezi la sarufi.

Nikampigia. Simu ikalia hadi ikakatika. Nikampigia tena. Kisha nikampigia dada yangu.

"Wee, niko na wateja hapa dirishani, nitakupigia."

"Usikate! Nenda nyumbani sasa hivi. Mtoto yuko peke yake na naogopa atajidhuru."

"Umesema nini?"

"Wanamtesa shuleni na kwenye simu. Nilijua tangu Jumamosi. Chukua boda, dada, na usikate simu."

Hakuuliza tena. Nilisikia kiti kikisukumwa, sauti yake ikisema "nishikieni hapa," kisha pikipiki na upepo. Ndani ya upepo huo alikuwa anamwita Mungu kwa Kiembu, neno moja tu, Ngai, Ngai, Ngai. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, mkono wangu umeshika ukingo wa meza, nikifikiri: kama ningesema Jumamosi. Kama ningepiga kutoka Makutano.

Lango likagonga. Akapiga mlango kwa viganja. "Fungua, mama! Ni mimi. Fungua!" Akapiga tena. Mara ya tatu sikusikia viganja, nilisikia mwili mzima ukiangukia mbao.

Kisha komeo likavutwa.

"Niangalie. Umemeza kitu? Umejifanyia kitu? Niangalie, mama, niangalie."

"Hapana." Ilikuwa sauti ndogo, lakini ilikuwa sauti. "Mbado."

Kikafuata kilio. Mimi ambaye kazi yangu ni kutofautisha sauti sikuweza kujua ni cha nani kati yao wawili. Huku Meru nami niliketi sakafuni.

Muda ulipita kabla ya dada yangu kuishika simu tena.

"Nimemshika," alisema. Alikuwa anahema. "Simwachi. Tunaenda hospitali sasa hivi, waongee naye wanaojua. Kesho niko kwa hiyo shule. Ananiambia kuna sauti yake inazungushwa. Walitoa wapi sauti ya mtoto wangu?"

Nilikuwa na jibu tayari, nilikuwa nimelitunga kwa siku nne. Lilianza na "ilisambazwa," kitenzi ambacho hakimlazimishi mtu yeyote kuwa mtenda.

"Niliituma mimi, dada," nikasema.