Paka Aliyeruka Dirisha

Jumatatu, katika duka la dawa za mifugo hapa Machakos mjini, nilisimama nyuma ya mama mmoja aliyebeba kiondo. Ndani mlikuwa na mtoto wa paka.

"Daktari, kuna dawa ya kurudisha paka nyumbani?" alimuuliza muuzaji.

Muuzaji alitabasamu, kisha akamwona uso, akaacha. "Nini ilifanyika, mama?"

"Niko na paka aliachwa na marehemu bwanangu. Nikaona ako mpweke, nikamletea huyu kutoka Katangi. Siku hiyo hiyo nikawawekea maziwa sahani moja. Yule mkubwa akaruka dirisha. Sasa ni wiki mbili."

"Ungemfungia mgeni chumba kingine siku kadhaa, wazoeane harufu kwanza."

Mama alimpapasa yule mdogo kwa kidole. "Kumbe ni mlango tu ningefunga," akasema.

Wenye wema tuna haraka sana. Nilipooa mara ya pili, nilimwingiza mke wangu nyumbani jioni moja, nikamwambia binti yangu, "Huyu sasa ndiye mama." Binti alihamia kwa nyanya yake, kule Katelembo. Nikimpigia simu hunijibu, tena kwa adabu sana.