Mama alimfumba Bosi macho, yakafumbuka

Leo Mama amemlilia mbwa ambaye hajafa.

Mbwa wetu Bosi alifukuza panya ndani ya miwa, panga la mkataji likampata mguuni. Biashara ya miwa ikivuma vile inavuma sasa, wakataji wana haraka, hawaangalii chini.

Tukamkimbiza kwa daktari wa mifugo pale Lubao. Akamdunga sindano ya usingizi ili amshone mguu.

Bosi akalegea. Lakini macho wazi kabisa!

Mama akanyoosha mkono, akamfumba macho polepole, vile tunafanyianga marehemu.

Yakafumbuka.

Akamfumba tena. Yakafumbuka tena. Akaanza wimbo wa matanga.

“Mama, huyu anapumua,” daktari akasema. “Hii dawa huacha macho wazi.” Akayapaka mafuta yasikauke, kisha akaongeza sindano ya maumivu ili Bosi asiamke akiteseka.

(Nani alijua hii ya macho? Mimi sikujua.)

Mama akamuuliza: “Kwani mbwa husikianga uchungu kama sisi?”

“Kama wewe tu, Mama.”

Jamani, huyu ndiye Mama wa “mbwa haingiangi kwa nyumba yangu.”

Saa hii Bosi amelala sebuleni, na sisi tumeambiwa tunong’one.