Kata Kichwani mwa Mtoto wa Kiume

Walisema sitamaliza muhula. Mtu katoka kazini Ghuba, kule Uarabuni, na diploma ya elimu ya viungo, halafu aje Mwabungo kucheza na watoto wa chekechea? Wenye maneno hayo walikuwa majirani zangu, na mbele yangu walinisalimia vizuri tu. Diploma yangu niliisomea jioni baada ya kazi, kwa jasho langu mwenyewe, kwa hiyo hawakunibabaisha.

Nililaza gogo la mnazi uwanjani, watoto wapite juu yake mmoja mmoja. Wasichana walipita. Wavulana walianguka mchangani, maana kila mmoja alikuwa akiangalia miguu yake. Sababu niliigundua siku hiyo hiyo, wala sikumwuliza mtu: wasichana wetu huanza kujitwika maji wakiwa wadogo, wamezoea kutazama mbele. Wavulana hawajitwiki. Basi nikasokota leso zikawa kata, nikawavika wavulana kichwani, na juu ya kata nikaweka bakuli la plastiki lenye maji kidogo.

Baba wa yule aliyekuwa akianguka kuliko wote ni askari wa hoteli Diani. Alikuja ametoka zamu, buti miguuni, akamkuta mwanawe na kata.

"Mwalimu, nimekuletea mtoto wa kiume. Wewe wamfanya mchota maji?"

Akamshika mkono waondoke. Langoni walisimama akina baba wengine, wakimtazama yeye. Nilijua akitoka, wavulana wote watatoka, na darasa langu limekwisha.

"Ndugu yangu, pita wewe kwanza," nikamwambia. "Ukifika mwisho, mchukue."

Alipanda gogo na buti zake, akatazama chini, akaanguka kabla ya kufika katikati. Watoto walicheka hadi wakakaa chini. Alijipangusa mchanga, akavua buti, akaniinamishia kichwa.

"Haya, nivike hiyo kata."

Nikamvika, nikaweka na bakuli juu yake. Safari hii alifika mwisho, na maji hayakumwagika. Akaninong'oneza nisimwambie mkewe. Mwanawe alikuwa amepanda gogo nyuma yake, macho kwenye kisogo cha babake, na kwa mara ya kwanza alivuka bila kuanguka.

Akina baba wa langoni wakauliza somo la kesho ni saa ngapi. Saa nne, niliwajibu, na kila mtoto aje na leso ya kwao, zangu zimeshalowa.